Namna ya Kuandika Wasifu wa Mama na Nyanya Aliyetutoka: Mwongozo Kamili kwa Jamaa Waliofiwa

Usiku wa nne wa matanga ya mama yetu, nyumbani katika mtaa wa Jericho, Nairobi, aliingia mwanamke mzee ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua kwa jina. Alikuwa amepakana na mama katika soko la Wakulima, lile ambalo watu wa Nairobi wanaliita Marikiti, kwa miaka mingi, mama akiuza viazi naye akiuza maharagwe. Aliomba chai isiyo na sukari, akanyamaza hadi maombi yalipokwisha, kisha akatueleza kwamba kila Ijumaa mama alikuwa akinunua kwake gorogoro moja, yaani mkebe mmoja wa kupimia, ya maharagwe na kuipeleka kwa mwanamke mwenye watoto watano ambaye mume wake alikuwa gerezani. Alituonyesha kwa kiganja jinsi mama alivyokuwa akidai konzi moja ya juu baada ya gorogoro kujaa, na kulipia hiyo konzi pia. Sisi tuliolala chini ya paa moja naye hatukuwahi kulisikia jambo hilo. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuandika ukurasa mzima wa wasifu wake, nao ulikuwa umejaa maneno mazuri ambayo yangeweza kusemwa juu ya mama yeyote. Niliuchana nikaanza upya.

Mwongozo huu umetokana na usiku ule. Watu waliomfahamu mama kwa pande zake zote, wale wa kijijini, wa sokoni, wa kanisani au msikitini, wa chama na wa ploti alikopanga zamani, hukutana katika nyumba moja mara moja tu, yaani siku za matanga, na baada ya hapo hutawanyika wasikutane tena. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwandishi wa wasifu katika siku hizo ni kusikiliza, na kuandika huja baadaye.

Hatua ya kwanza: amueni ni nani atakayeshika kalamu, na lini atakabidhi kazi

Familia nyingi za Wakristo jijini hukaa wiki moja hadi mbili kabla ya mazishi, na siku hizo humezwa na ada za mochari, kibali cha mazishi, michango, gari la kusafirisha mwili na mikutano ya kamati. Wasifu huachwa hadi usiku wa mwisho, ukaandikwa na mtu aliyechoka, kwa kunakili mpangilio wa kijitabu cha mazishi ya mtu mwingine. Ili kuepuka hali hiyo, kamati imteue mwandishi katika mkutano wake wa kwanza kabisa, kama inavyomteua mweka hazina, na impe tarehe ya kukabidhi ambayo ni siku nne kabla ya mazishi. Siku mbili kati ya hizo ni za mpiga chapa, na mbili ni za kusahihisha.

Mwandishi awe mmoja na wasomaji wawe watatu. Si lazima awe kifungua mimba, wala si lazima awe yule aliyesoma kuliko wengine. Anayefaa ni mtu anayeweza kuketi karibu na mzee kwa saa nzima bila kumkatiza. Wasomaji watatu watoke pande tofauti: mmoja wa upande wa kuzaliwa kwa mama, mmoja wa upande wa alikoolewa, na mmoja miongoni mwa wajukuu wakubwa.

Kwa Waislamu mambo ni tofauti, kwa kuwa maiti huzikwa siku ile ile au inayofuata na hakuna desturi ya kusoma wasifu mrefu makaburini. Hapo siku tatu za kupokea rambirambi ndizo za kukusanyia habari, na maandishi yenyewe yanaweza kukamilika kwa utulivu, yakahifadhiwa kwa ajili ya watoto na wajukuu.

Hatua ya pili: kusanyeni ushahidi wakati watu wangali nyumbani

Nunua daftari moja, na simu yako iwe na nafasi ya kutosha ya kurekodi. Kabla ya kuanza kurekodi, omba ruhusa waziwazi: "Shangazi, naomba kurekodi unayosema ili nisikosee ninapoandika." Sijamwona anayekataa, lakini nimewaona wengi wakiketi vizuri zaidi na kupima maneno yao baada ya kuombwa hivyo. Weka simu juu ya kitambaa, mbali na vikombe, kwa sababu mlio wa kijiko kwenye meza huzima sauti ya mzee anayezungumza polepole. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe na jina la anayezungumza, na uhusiano wake na marehemu.

Maswali ndiyo yanayoamua utakachopata. Ukiuliza, "Mama alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa kwamba alikuwa mkarimu, mchapakazi na mcha Mungu. Majibu hayo ni ya kweli, ila hayamwonyeshi mtu. Uliza badala yake mambo yanayomrudisha msemaji mahali na saa fulani. Mara ya kwanza kumwona, alikuwa wapi na amebeba nini? Alikuwa akiamka saa ngapi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi? Ulimwona akikasirika lini, na ilikuwaje akatulia? Alikuwa akiimba nini alipodhani hakuna anayemsikia? Pesa zake alizificha wapi? Swali hilo la mwisho liliwachekesha dada zake wote watatu kwa pamoja, maana kila mmoja alikuwa na jibu tofauti na wote walikuwa sahihi: kulikuwa na za bati la mafuta ya kupikia, za pindo la leso, na za ndani ya Biblia katika kitabu cha Ruthu.

Usiwasahau watu ambao hawataketi kwenye viti vya mbele. Wifi na mkaza mwana walimwona jikoni. Jirani wa ukuta mmoja alimsikia usiku. Mwenzake wa chama anajua alivyotenda ilipokuwa zamu yake ya kupokea fedha na mwingine akafiwa wiki hiyo hiyo. Mtu aliyemfanyia kazi za nyumbani, kama alikuwapo, anajua habari ambazo watoto hawazijui, na ni haki aulizwe kwa heshima ile ile anayopewa mzee wa kanisa.

Ikiwa mama angali hai unaposoma haya, anza kumuuliza yeye mwenyewe Jumapili hii. Wazee hawapendi kuhojiwa, lakini wengi hupenda kusimulia huku mikono inafanya kazi, kwa hiyo chukua sinia umsaidie kuchambua mchele au kumenya njegere.

Hatua ya tatu: pangeni miaka kwa uangalifu

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mwanamke aliyezaliwa kijijini kabla ya Uhuru huenda hana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa katika kitambulisho chake mara nyingi ni wa kukadiriwa. Wanawake wa Kenya walianza kusajiliwa na kupewa vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Mama aliyefika mbele ya karani akiwa mtu mzima, bila karatasi yoyote, aliandikiwa mwaka uliokisiwa. Mkiona tarehe 1 Januari, ichukueni kwa tahadhari.

Njia ya kuaminika zaidi ni kuyaunganisha maisha yake na matukio ambayo tarehe zake zinajulikana. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Mzee Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978. Jaribio la mapinduzi lilitokea tarehe 1 Agosti 1982. Njaa kubwa ilikuwa mwaka 1984, bomu lililipuka katikati ya jiji tarehe 7 Agosti 1998, na mpango wa masomo ya msingi bila malipo ulianza mwaka 2003. Muulize mzee: alikuwa anatambaa, anachunga mbuzi, au amekwisha kuolewa?

Sisi tuliamini siku zote kwamba mama alikuja Nairobi mwaka 1971. Shangazi akasema, bila kujua kwamba anatusahihisha, kwamba mama alikuwa na wiki tatu tu jijini, hata barabara hazijui, siku waziri Tom Mboya alipopigwa risasi. Watu walikimbia, matatu hazikuonekana, naye akatembea kutoka mjini hadi Makongeni kwa kufuata reli. Mboya aliuawa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Kwa hiyo mama alifika katikati ya mwezi wa Juni mwaka huo, na simulizi moja ikatupa tarehe, njia aliyoipita na hofu aliyoipata.

Picha nazo husema mwaka wake. Mama akiwa amesimama katika bustani ya Uhuru na nyuma yake jumba la mikutano la KICC limekamilika, picha hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1973. Tazameni pia nyuma ya picha, kwa sababu studio nyingi za zamani zilipiga mhuri wenye tarehe. Rejista ya ubatizo na ya ndoa ya kanisa lake huwa na majina ya wazazi na wasimamizi, mara nyingine yakiwa yameandikwa kwa tahajia ambayo familia imekwisha kuisahau. Ziara katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, ina faida kwa anayetaka kujua kijiji chake kilikuwaje wakati wa ukoloni, lakini hiyo si kazi ya wiki ya msiba.

Pale ambapo mwaka haujulikani, andikeni "miaka ya mwanzo ya 1940" au "mwaka wa njaa, akiwa msichana mdogo". Hilo ni afadhali kuliko tarehe kamili ya kubuni, ambayo wajukuu watainakili milele.

Hatua ya nne: majina yake yote

Mama mmoja huwa na majina mengi, na kila jina lina watu wake. Kuna jina la kuzaliwa, la ubatizo, la ukoo, la mumewe, na lile la kuitwa kwa mtoto wake, Mama Fulani, ambalo majirani wa miaka thelathini huenda ndilo pekee wanalolijua. Wajukuu wa Nairobi watamwita shosho, susu, dani, kukhu, bibi au nyanya, kutegemea nyumba ilikotoka. Yaandikeni yote na mseme ni nani aliyemwita hivyo. Mtu aliyesafiri kutoka mbali na kulisikia jina alilomwitia marehemu likitajwa mbele ya watu hujua kwamba hakuja kwa mgeni.

Katika jamii ambazo wajukuu hurithi majina, kama ilivyo kwa Wakikuyu, ambapo binti wa kwanza hupewa jina la mama ya babaye na wa pili jina la mama ya mamaye, wahesabuni wajukuu waliopewa jina la nyanya yao na muwataje kwa pamoja katika aya moja. Kwetu walikuwa wanne, na siku ya mazishi walisimama mmoja mmoja jina hilo moja lilipoitwa mara nne.

Hatua ya tano: kuandika

Msomaji wa sauti mbele ya watu husoma karibu maneno mia moja kwa dakika, akisoma bila haraka. Wasifu wa maneno 800 utachukua dakika nane, na huo ndio urefu ninaoupendekeza kwa kusomwa ibadani. Yaliyobaki yawekwe katika kijitabu.

Mpangilio uliozoeleka, unaoanza na kuzaliwa, wazazi na ndugu, kisha masomo, ndoa, watoto, kazi, imani, ugonjwa na kifo, una sababu yake: watu wa ukoo uliotawanyika hujifunza siku hiyo ni nani kwa nani. Usiuache, ila ufupishe. Sehemu ya nasaba isizidi robo ya maandishi. Nafasi iliyobaki mpe mama mwenyewe, kwa mambo matatu au manne yaliyoonekana kwa macho. Linganisha sentensi hizi mbili. "Mama alikuwa mchapakazi aliyejitolea kwa ajili ya watoto wake." Na hii: "Saa kumi alfajiri mama alikuwa amekwisha kufunga leso kiunoni, na jiko la makaa alikuwa amelitoa mlangoni ili moshi usituamshe." Ya pili haina sifa hata moja ndani yake, lakini waliokuwa wakilala katika chumba kile wataanza kulia hapo.

Kazi yake iandikwe kama kazi. Nimesikia wasifu nyingi ambamo mwanamke aliyebeba magunia, akapanga bei na madalali, akakopesha na kudai, akasomesha watoto saba, ameelezwa kwa maneno matatu: "alikuwa mfanyabiashara mdogo." Elezeni alichouza, alikitoa wapi, aliamka saa ngapi kukifuata, hasara kubwa aliyowahi kuipata na jinsi alivyoinuka. Mama wa nyumbani naye alikuwa na kazi, na kazi hiyo ina vitendo vyake.

Mambo mazito hayakwepeki. Watoto waliotangulia kufa watajwe kwa majina, hata yule aliyeishi siku tatu, kwa sababu mama aliwahesabu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa au nje yake atajwe pamoja na wenzake kwa mpangilio wa umri, bila maelezo. Wasifu hauamui urithi, na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ina utaratibu wake. Lakini jina lililoachwa katika kijitabu huacha jeraha ambalo mahakama haiwezi kuliponya. Kuhusu ndoa iliyovunjika, sentensi moja ya kweli inatosha: "Mwaka 1983 alirudi kwa wazazi wake pamoja na watoto watatu." Ugomvi wa shamba, madeni na nani alimuuguza na nani hakumuuguza, vyote visiingie kabisa. Ugonjwa uelezwe kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe angekubali kikisomwa mbele ya watu.

Andikeni kwa lugha aliyoizungumza. Ikiwa aliomba kwa lugha yake ya mama na kukaripia kwa Kiswahili, acheni maneno yake katika lugha hizo, kisha mfasiri panapohitajika.

Hatua ya sita: sauti ya wajukuu

Kwa kawaida wajukuu hupangwa mstari mbele, mmoja akasoma karatasi aliyoandikiwa na mama yake. Ni afadhali muwaketishe pamoja jioni moja, muwape viazi vya kumenya au njugu za kuchambua, na mkubwa wao aandike kila mmoja anachokumbuka. Mtoto wa miaka sita alituambia, "Shosho alikuwa ananipa maganda ya chapati." Hatukuelewa hadi dada yangu alipokumbuka kwamba mama alikuwa akikata kingo za chapati zilizokauka na kuwapa watoto waliosubiri kando ya jiko. Maneno hayo tuliyasoma kama yalivyo. Vitukuu wasioweza kusema wanaweza kuchora, na mchoro mmoja upewe ukurasa mzima katika kijitabu.

Hatua ya saba: picha na kijitabu

Usizibandue picha zilizogandamana na karatasi za albamu, zitachanika. Zipige kwa simu zikiwa mahali pale pale, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, huku simu ikiwa imelala sambamba na picha. Chagueni picha zinazoonyesha umri wake wote, pamoja na moja ya mikono yake kazini kama ipo. Picha ya jalada isiwe ya siku za ugonjwa.

Kijitabu cha karatasi zilizokunjwa na kubanwa katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, yaani 8, 12, 16 au 20, kwa hiyo pangeni kabla ya kwenda mjini. Vibanda vya uchapaji vya River Road na mitaa iliyo karibu hufanya kazi kwa haraka, lakini msikubali kuchapisha nakala zote kabla ya kushika moja iliyochapishwa na kuisoma neno kwa neno, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole. Anzeni na majina. Katika kijitabu chetu jina la kitinda mimba lilikosewa herufi moja, na ingawa alisema si kitu, nilimwona akilirekebisha kwa kalamu katika kila nakala aliyoishika.

Hatua ya nane: kusoma mbele ya watu

Msomaji achapishiwe nakala yenye herufi kubwa, mistari iliyoachana, na kila ukurasa uishie mwisho wa sentensi. Asome kwa sauti nyumbani mara tatu, ili ajue ni wapi koo litambana. Mtu wa pili asimame karibu naye akiwa na nakala nyingine, tayari kuendelea. Zungumzeni na msimamizi wa ratiba siku moja kabla, kwa sababu hotuba zikirefuka, wasifu ndio hupunguzwa kwanza.

Hatua ya tisa: yanayofuata mazishi

Sauti yake itafuteni kabla ya wiki kwisha. Simu ya mama yetu alipewa mpwa wangu siku ya kumi, naye akaifuta yote ili aitumie, bila nia mbaya yoyote. Sauti ikabaki katika jumbe kumi na moja tu ndani ya simu ya dada yangu, na fupi kuliko zote ni ya sekunde nne: "Umekula? Nipigie." Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 hufutwa, na laini iliyonyamaza muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine, kwa hiyo kila aliyepokea ujumbe wa sauti auhifadhi nje ya simu, pamoja na tarehe. Rekodi za matanga zinakiliwe mahali pasipopungua pawili, kwa watu wawili wanaoishi nyumba tofauti.

Chapisheni nakala tano au kumi za kijitabu zilizoongezwa kurasa tupu nyuma, na mzipeleke kwa wale mliowarekodi ili wasahihishe. Ya kwanza sisi tuliipeleka Marikiti. Mama yule hasomi, kwa hiyo dada yangu aliketi naye juu ya gunia akamsomea ukurasa wa gorogoro, ambamo tulikuwa tumeandika kwamba mama aliyafanya hayo kwa mwaka mmoja. Alimsimamisha. "Andika mitatu," akasema. "Mwaka wa tatu mwanamume alitoka, na Ijumaa ile mama yenu akapima gorogoro mbili, kwa sababu nyumba ilikuwa imeongezeka mtu mzima."